Flaiwili ilikondeshwa, akapata taabu ami

Fundi hana kosa, tuanzie hapo. Mi ndo nilitaka pikipiki yangu, DT ya tustroki, iruke vile zaruka za mashindano, naye akanieleza vizuri tu: flaiwili, lile duara la chuma linalozunguka na injini, ikiwa nzito injini yachelewa kupanda revu, yaani kuzunguka kasi, maana lazima ilizungushe lile chuma lote, ikiwa nyepesi ukivuta moto kidogo yalia. Akaing'oa kwa pula akaitia kwa mashine yake ya kukereza, akaila ukingoni kwa nje, ndiko uzito unakofanya kazi zaidi, ikatoka yang'aa sinia la harusi haliingii.

Kwa lami wallahi ilikuwa raha, nikigusa tu ngwiiii, watoto wa Maweni wote nje.

Sasa ikaja harusi Mambrui. Ami yangu, mtu mzima, kanzu imepigwa pasi, udi mpaka masikioni, akasema hapandi matatu, atakwenda na mimi, nauli ibaki mfukoni (kwa shilingi huyu ami mumsamehe tu). Daraja la Sabaki tukavuka salama, mbele huko nikaacha lami nikashika njia ya mkato ya mchanga.

Alaa! Kumbe kwa mchanga wataka uende polepole na revu za chini, na ule uzito ndo unaoibeba injini isizime kabla haijawaka tena. Wangu uko sakafuni kwa fundi. Nikipunguza moto, pu, imezima. Nikiongeza, revu zapanda ghafla, tairi la nyuma lachimba, twazama hadi cheni. Katikati hakuna, nachezea klachi mpaka vidole havikunjiki.

"Ami shuka."

Ami ashuka. Napiga kiki, mguu niliosimamia ndo unaoteremka kiki imebaki juu, napiga tena, yawaka, moshi wote wa oili buluu waingia ndani ya kanzu.

"Ami panda."

Apanda. Twaenda hapo na hapo, pu.

"Ami shuka."

Kina mama waliokuwa wamebeba maji wakatua ndoo kabisa wapate kuangalia vizuri, mmoja akauliza, "Mzee, hiyo mwaipanda ama mwaisindikiza?"

Ami hakujibu. Akavua viatu akavishika mkononi, akapandisha kanzu, akashika njia kwa miguu na hakugeuka nyuma hata mara moja. Mi nikaja kufika nasukuma, namkuta ameegemea ukuta achokonoa meno, biriani imebaki ukoko na kachumbari, aniangalia tu anuka udi na petroli.

Kesho yake akanibeba mpaka kwa fundi. Fundi akasema mzee, wanaopita mawe na mchanga wao ndo huongeza uzito makusudi, kuna kipande chauzwa wakifunge juu ya flaiwili, wa kupunguza ni wale wa kukimbia kiwanjani.

"Wauzwa? Uzito?"

"Ndiyo mzee."

"Na huu wa mwanangu ulioukereza uko wapi?"

Fundi akaonyesha chini ya mashine, chenga za chuma zimechanganyika na vumbi na vichungi vya sigara.

Ami akavuta stuli akakaa. "Haya okota umrudishie, nangoja. Na sitaki kusikia habari ya kulipa mara mbili."