Mkaguzi na geti la viazi

Safari moja nikielekea Makambako, nilisimama kwenye geti la ushuru wa halmashauri nyuma ya Fuso iliyojaa lumbesa za viazi. Mkusanyaji alikuwa na mashine ya POS, ile ya kurekodi malipo na kutoa risiti, mfukoni mwa koti. "Mtandao unasumbua, kaka," akamwambia dereva. Noti zikapokelewa, risiti hakuna, kamba ikashushwa.

Kila ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inapotoka, huku Mbeya na Iringa swali huwa moja: halmashauri yetu imepata hati gani? Ikiwa ni hati inayoridhisha, mkurugenzi anapigiwa makofi. Hati hiyo inahusu uandaaji wa hesabu tu. Zahanati inaweza kukosa dawa na hati ikabaki safi.

Sisemi ukaguzi ni bure. Mkaguzi hulinganisha kilichokusanywa kwenye POS na kilichofika benki, na hapo ndipo fedha zilizolala mifukoni mwa wakusanyaji hufichuka. Vikundi hewa vya mikopo ya asilimia 10, ile ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, navyo vimeibuliwa na wakaguzi. Bila wao diwani angeuliza nini, ilhali kabrasha la kikao mara nyingi analiona siku ileile?

Ila zile noti za getini hazikuingia kwenye mashine, kwa hiyo hazina cha kulinganishwa nacho. Wakati huohuo kamati ya ujenzi kijijini, iliyonunua mchanga kwa mwenye trekta asiye na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, inaandikiwa hoja ya ukaguzi. Darasa limesimama, watoto wanasoma, mwalimu mkuu anahangaika na majibu. Watumishi wanaolalamikia hoja za namna hii nawaelewa, ingawa wapo wanaojificha nyuma ya trekta hilo: vocha ya mafuta ya gari la ofisi haikupotezwa na muuza mchanga.

Pia CAG hana pingu. Akishuku wizi, anavikabidhi suala vyombo vya uchunguzi kama TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, ina halmashauri 184 za kuhoji. Linabaki baraza la madiwani, na huko ndiko ninakoona udhaifu mkubwa: hoja ya mwaka juzi inajibiwa "utekelezaji unaendelea", na mhusika keshahamia wilaya nyingine.

Diwani wa kata ya geti lile hahitaji kungoja ripoti ya CAG ya Machi. Aulize kikao kijacho: siku mtandao uliposumbua, Fuso ngapi zilipita?