Akaunti ya Urithi Si Mahali pa Kuweka Sarafu za Dhahabu

Mzazi anapofariki hapa Marekani na kuacha akaunti ya akiba ya uzeeni, ile ambayo wengi wetu tunaijua kwa herufi zake za IRA, mrithi huanza kupokea ushauri hata kabla ya arobaini kufika, na siku hizi ushauri unaosikika kuliko wote ni wa kuuza hisa na hatifungani zilizomo ili kununua dhahabu ya kushikika. Naelewa kwa nini maneno hayo yanaingia masikioni. Bei ya wakia moja, ambayo mwishoni mwa 2015 ilikuwa chini ya dola 1,100, ilivuka dola 4,000 mwezi Oktoba 2025, na mtu aliyefiwa hutafuta kitu kisichotikisika. Hata hivyo naamini kwamba kwa mrithi wa kawaida akaunti hiyo ni mahali pabaya pa kuwekea sarafu na vipande vya dhahabu, kwa sababu ya sheria zinazoitawala akaunti yenyewe.

Sheria hizo zilibadilika Desemba 2019. Kabla ya hapo mtoto aliyerithi aliweza kuzitoa fedha kidogo kidogo kwa kadiri ya miaka aliyotarajiwa kuishi, yaani kwa miongo kadhaa. Sasa, kwa vifo vilivyotokea kuanzia 2020, mrithi asiyekuwa mume au mke wa marehemu hutakiwa kuimaliza akaunti yote ifikapo mwisho wa mwaka wa kumi baada ya mwaka wa kifo. Wanaosamehewa sharti hilo ni wachache, kama vile mtoto wa marehemu ambaye bado ni mdogo, mlemavu, mgonjwa wa maradhi ya kudumu, na mtu ambaye marehemu hakumzidi umri kwa zaidi ya miaka 10. Baba akiwa amefariki 2023, basi tarehe 31 Desemba 2033 akaunti iwe tupu. Tena, ikiwa marehemu alikuwa ameshafikia umri wa kulazimika kutoa fedha kila mwaka, ambao kwa sasa ni miaka 73, mrithi naye hulazimika kutoa kiasi fulani kila mwaka ndani ya kipindi hicho, na anayepungukiwa hutozwa faini ya asilimia 25 ya kile ambacho hakukitoa, au asilimia 10 akiwahi kurekebisha ndani ya miaka miwili.

Kila dola inayotoka katika akaunti ya kawaida, ile ambayo fedha zake hazijakatwa kodi, huhesabiwa kuwa mapato ya mwaka huo na hukatwa kodi, na dhahabu haibadilishi lolote katika hilo. Mrithi anaruhusiwa kuzichukua sarafu zenyewe badala ya kuziuza, lakini thamani yake ya siku hiyo inaingia katika mapato yake, na fedha za kulipia kodi itambidi azipate kwingine. Sarafu, tofauti na hisa, haitoi gawio ambalo lingesaidia kulipa.

Kwetu pwani, dhahabu ni mali ambayo mama huishika mkononi. Bangili na mikufu hukabidhiwa binti, na siku ya shida hupelekwa kwa sonara bila kuomba ruhusa ya mtu. Nina hofu kwamba wengi wanaoshawishika huwa na picha hiyo akilini, ilhali dhahabu inayoruhusiwa ndani ya IRA ni mali ya namna nyingine kabisa. Sheria ya 1997 iliyopanua ruhusa hiyo inataka usafi usiopungua sehemu 995 kwa 1,000. Sarafu ya American Gold Eagle imeruhusiwa kwa upekee ingawa ni ya karati 22, chini ya kiwango hicho, wakati Krugerrand ya Afrika Kusini, yenye karati hizo hizo, imekataliwa, na vito vya kuvaa havimo kabisa. Zaidi ya hayo, dhahabu lazima ikae chini ya benki au taasisi iliyoidhinishwa na serikali. Mwezi Novemba 2021 Mahakama ya Kodi ya Marekani, katika kesi ya McNulty, iliamua kwamba mama mmoja aliyenunua sarafu kupitia kampuni iliyomilikiwa na IRA yake, kisha akaziweka nyumbani, alikuwa kama amezitoa katika akaunti, na kodi ikamwangukia.

Hatari nyingine iko katika kuhama kwenyewe. Kampuni nyingi zinazotunza akaunti za kawaida hazipokei dhahabu ya kushikika, kwa hiyo fedha lazima zihamishiwe taasisi nyingine inayoipokea. Uhamisho huo ufanywe na taasisi kwa taasisi, na akaunti mpya iendelee kubeba jina la marehemu. Mrithi asiyekuwa mwenzi wa ndoa akiandikiwa hundi kwa jina lake, hana zile siku 60 ambazo mwenye akaunti hupewa za kuzirudisha fedha. Kiasi chote kinakuwa mapato ya mwaka huo huo, na hakuna njia ya kukirejesha. Hili ndilo ninalomsihi kila mrithi alishike, hata kama hakubaliani nami katika mengine yote.

Gharama nazo zinauma. Kuna ada ya akaunti, ada ya hazina inakohifadhiwa dhahabu na ya bima, na juu ya hizo kuna tofauti kati ya bei ya soko na bei ya muuzaji. Tuchukue mfano wa dola 200,000: muuzaji akiongeza asilimia 10 juu ya bei ya soko, karibu dola 18,000 zimekwisha kabla sarafu hazijafika hazinani, na wakati wa kuuza mrithi atapunjwa tena. Kwa sarafu zinazosifiwa kuwa ni adimu, nyongeza huwa kubwa zaidi, na hizo ndizo zinazosukumwa kwa nguvu kwa wazee na wafiwa. Septemba 2020 CFTC, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya mikataba ya bidhaa, pamoja na wasimamizi wa majimbo 30, ilifungua kesi dhidi ya wauzaji waliodaiwa kukusanya zaidi ya dola milioni 180 kutoka kwa watu ambao wengi wao walikuwa wazee, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka katika akiba za uzeeni.

Wanaoitetea dhahabu huniambia kwamba inalinda dhidi ya mfumuko wa bei, nami sibishi, mradi mtu awe na muda wa kusubiri. Wakia iliyofika dola 850 Januari 1980 iliuzwa chini ya dola 300 mwaka 2001, na iliyopita dola 1,900 mwaka 2011 ilikuwa imeanguka sana miaka minne baadaye. Mwenye dhahabu yake nyumbani aliweza kungoja, lakini mrithi hupangiwa na sheria mwaka wa mwisho wa kutoa.

Kwa hiyo anayeipenda dhahabu ningemshauri agawanye utoaji katika miaka yote 10, ili asirundike mapato katika mwaka mmoja wa kodi kubwa, alipe kodi, kisha kwa kinachobaki anunue dhahabu aitakayo, iwe Krugerrand au bangili za mama, na aimiliki bila sharti. Akija kuiuza kwa faida, kodi ya serikali kuu kwa mali iliyokaa zaidi ya mwaka kwa kawaida haizidi asilimia 28. Anayetaka kufuata bei ya dhahabu ndani ya akaunti anaweza kununua hisa za mifuko ya uwekezaji inayohifadhi dhahabu, ambazo huuzwa kwa siku moja kwa gharama ndogo. Ndugu zangu Waislamu wanaokimbilia dhahabu ili kuepuka riba ya hatifungani wana sababu ninayoiheshimu sana, lakini wakumbuke kwamba mifuko ya hisa iliyochujwa kwa misingi ya dini yao ipo Marekani tangu miaka ya 1980. Mjane au mgane ana nafasi pana zaidi, kwa sababu anaweza kuifanya akaunti kuwa yake, na saa ya miaka 10 haimhusu.

Walio mbali zaidi na ahadi za wauzaji hawa ni warithi walioko nyumbani. Si Kenya wala Tanzania iliyo na mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, hivyo mpwa aliyeko Mombasa au Tanga, ambaye si raia wala mkazi wa Marekani, kwa kawaida hukatwa asilimia 30 ya kila kinachotoka. Akaunti yake ikigeuzwa dhahabu, sarafu zitauzwa huku huku kwa bei ya muuzaji, zitakatwa asilimia hiyo hiyo, na kinachosalia ndicho kitakachotumwa kwake.