Kivuli cha shimo jeusi hakina thamometa, sawa, lakini nani alisema kinayo?

Kuna watu wakisikia tu wanafizikia wanaunganisha kivuli cha shimo jeusi, lile doa la giza katikati ya picha yake, na thamodinamiki, yaani elimu ya joto na nishati, wanacheka, eti joto gani utalisoma kwenye picha. Hesabu wanayo, siwanyimi. Lile shimo la galaksi ya M87 lililotolewa picha 2019 lina uzito wa kama Majua bilioni 6.5, na kwa fomula ya mwanafizikia Hawking, aliyesema mashimo meusi hutoa mnururisho kidogo na hivyo yana joto, shimo likizidi uzito linazidi ubaridi, sasa ukipiga hesabu unaandika nukta halafu karibu sufuri 17 ndo uone tarakimu ya kwanza ya kelvini, kipimo cha joto kinachoanzia sufuri kamili. Anga tupu lenyewe lina kelvini 2.7! Na ule mng'ao wa kwenye picha ni gesi ya moto inayozunguka nje, wala sio mnururisho wa Hawking.

Ila hoja yenyewe haikuwa kupima joto. Entropia ya shimo, yaani kipimo cha vurugu iliyojificha ndani yake, tangu mwanafizikia Bekenstein, inafuata eneo la upeo, yaani ule mpaka ambao mwanga ukishavuka haurudi, na upeo huo hauonekani. Kinachoonekana ni kivuli, na kwa shimo lisilozunguka nusu kipenyo chake ni kama mara 2.6 ya ile ya upeo, kwa sababu hata mwanga unaopita mbali kidogo unapindwa ukamezwa. Upeo ukikua kivuli nacho kinakua, haviachani, kwa hiyo grafu ya joto la shimo kwa ukubwa wa upeo unaweza kuichora upya kwa kutumia kivuli na bado ukaona ni wapi shimo linakuwa thabiti na wapi linayumba. Kwa shimo lenye chaji ya umeme ndani ya anga la AdS (anti-de Sitter, anga la kinadharia lenye mvuto wa kurudisha vitu ndani), shimo likikua joto linapanda, linashuka, linapanda tena, kama gesi ya van der Waals kabisa, ile modeli ya gesi inayoweza kugeuka kimiminika, na hivyo vilima vinabaki vilevile ukitumia kivuli. Mimi hapo naona kuna kitu.

Wapinzani wanagusa penyewe wakisema anga la AdS sio hili letu, maana ulimwengu wetu unatanuka kwa kasi inayoongezeka. Kweli. Na shimo likizunguka kivuli kinabonyea upande mmoja, namba moja haitoshi tena.

Mimi jicho langu liko kwa Sagittarius A*, shimo jeusi la katikati ya galaksi yetu, maana uzito wake, Majua milioni 4 hivi, tayari unajulikana kwa mizunguko ya nyota, kwa hiyo pale ile mara 2.6 ya kivuli inaweza kujaribiwa bila kubahatisha uzito.