Sonona ya korona: posho au kikao?

Wapo wanaosema kilichoitwa sonona Uganda wakati wa korona kilikuwa njaa tu. Hawakosi hoja. Boda boda walizuiwa kubeba abiria, kipato kikakatika, na PHQ-9, dodoso la maswali 9 la kupima sonona, lina maswali kuhusu usingizi, uchovu na hamu ya kula. Kila swali lina alama 0 hadi 3, kwa hiyo matatu hayo pekee yanaweza kuleta 9, na kizingiti cha kuhesabiwa una sonona ni 10. Mhoji akiwa mzembe, "sili vizuri" ya mtu asiye na unga huandikwa kuwa kakosa hamu ya kula. Kilo 6 za posho, yaani unga wa mahindi, na 3 za maharagwe kwa kila mtu, zilizogawiwa Kampala na Wakiso, zilikuwa na maana yake.

Sasa tazama jaribio la Rakai na Masaka, kusini mwa Uganda, 2002. Vikundi vya wanakijiji wenye dalili za sonona vilikutana kuzungumzia shida zao dakika 90 kila wiki, kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliofunzwa wiki 2 tu. Waliotimiza vigezo vya sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Vijiji visivyo na vikao vilishuka pia, kutoka 94 hadi 54.7, na namba hii tusiikwepe: wengi hupata nafuu kwa muda kupita. Lakini huko zaidi ya nusu walibaki na sonona. Umaskini na UKIMWI vilikuwa pande zote mbili. Tofauti ilikuwa kikao. Wenyeji wenyewe waliita hali hiyo yo'kwekyawa, kujichukia, na okwekubagiza, kujihurumia. Maneno hayo hayataji tumbo.

Vikao hivyo hushughulikia msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha na upweke. Korona ilileta yote manne: mazishi ya watu wachache, wanandoa chumba kimoja kutwa, walimu wa shule binafsi bila mshahara, shule zikifungwa zote au kwa sehemu Machi 2020 hadi Januari 2022. Na mikusanyiko, yaani dawa yenyewe, ikapigwa marufuku.

Vikao vya simu viliziba pengo kwa kiasi. Hukwama kwenye chaji, muda wa maongezi na faragha: kwenye muzigo, nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, nani atamsema mumewe aliyekaa hatua mbili? Heri mwezeshaji apige yeye, kikundi kisizidi watu 5, na wakubaliane neno la kubadilisha mazungumzo mtu akiingia. Swali la 9 la PHQ-9, la kujidhuru, halisubiri kikao; hata alama 1 hapo, mhudumu wa afya amwone siku hiyohiyo.