Sheria za Mitandao Zinapodandia Bajeti ya Vita

Tarehe 1 Januari 2021, Baraza la Seneti la Marekani lilikutana kutengua kura ya turufu ambayo Rais Donald Trump alikuwa ameipiga dhidi ya sheria ya kuidhinisha matumizi ya ulinzi ya takriban dola bilioni 740. Maseneta 81 waliunga mkono utenguzi huo na 13 wakaupinga. Anayeyasoma majina ya hao 13 bila kujua yaliyotangulia atadhani karani amekosea: wamo Ted Cruz na Josh Hawley wa upande wa kulia, wamo Bernie Sanders na Elizabeth Warren wa upande wa kushoto, na pamoja nao yumo Ron Wyden wa Oregon. Huyu wa mwisho ndiye anayeshangaza zaidi, kwa kuwa sababu mojawapo kubwa ya Trump kukataa kutia saini ilikuwa kwamba Bunge halikufuta Kifungu cha 230, kinachozikinga kampuni za mitandao zisishtakiwe kwa maneno ya watumiaji wake, na Wyden ni mmoja wa wabunge wawili waliokiandika kifungu hicho, kilichokuwa sheria mwaka 1996.

Kiini cha kifungu chenyewe ni maneno 26 tu ya Kiingereza, yasemayo kwamba mwenye huduma ya mtandaoni hatahesabiwa kuwa mchapishaji wa kilichowekwa humo na mtu mwingine. Kilizaliwa baada ya mahakama moja ya New York kuamua, mwaka 1995, kwamba kampuni ya Prodigy ingeweza kubeba dhima ya kashfa kwa sababu ilikuwa ikijitahidi kuondoa maandishi machafu katika mabaraza yake ya mjadala. Yaani, asiyefagia kabisa uwanja wake alikuwa salama kuliko anayefagia. Wyden na Chris Cox wa chama cha Republican walitaka kuuondoa upotovu huo. Kinga waliyoiweka haigusi makosa ya jinai ya shirikisho wala hakimiliki, ingawa wengi huieleza kana kwamba ni leseni ya kufanya lolote.

Wyden hakuwa amekigeuka kifungu chake. Sheria ile ya ulinzi ilibeba mizigo mingi isiyofanana: nyongeza ya asilimia 3 ya mishahara ya askari, utaratibu wa kubadili majina ya kambi zilizoitwa kwa majemadari wa majimbo ya kusini yaliyoasi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na vizuizi dhidi ya kupunguza majeshi Afghanistan na Ujerumani. Sanders, aliyepinga vita vya Iraq mwaka 2002 kama alivyofanya Wyden, alikuwa akizuia kura isiharakishwe mpaka kwanza Seneti ipigie kura hundi za dola 2,000 kwa kila raia mwenye sifa, wakati wa janga la korona. Mitch McConnell, wakati huo kiongozi wa Warepublican katika Seneti, alijibu kwa kuzifunga hundi hizo pamoja na ufutaji wa Kifungu cha 230 na tume ya kuchunguza uchaguzi, vyote katika mswada mmoja ambao haukutazamiwa kufika popote, na kweli haukufika. Ndani ya juma moja, bajeti ya vita, dhima ya mitandao na siasa za uchaguzi vilikuwa vimefungwa katika furushi moja, na neno “hapana” la seneta likawa na maana tatu au nne.

Wanaotetea mtindo huu wana hoja nzito. Katika Bunge lililogawanyika karibu nusu kwa nusu, mswada unaosafiri peke yake hufia njiani, na sheria ya ulinzi ni moja ya magari machache ambayo yamekuwa yakifika kila mwaka kwa miongo kadhaa. Anayetaka kufika hudandia. Sanders mwenyewe alidandia, na hesabu yake ya kisiasa haikuwa mbaya: Wademokrati Raphael Warnock na Jon Ossoff walizifanya hundi za dola 2,000 kuwa ahadi kuu katika duru ya pili ya uchaguzi wa Georgia tarehe 5 Januari, wakashinda wote wawili, na Seneti ikawa 50 kwa 50. (Kwamba baadaye hundi zilitoka za dola 1,400, kwa maelezo kwamba 600 zilikwisha kulipwa, ni lawama ambayo mrengo wa kushoto haujaisahau.)

Hata hivyo, kuna swali ambalo haliwezi kujibiwa likiwa juu ya gari la wengine, nalo ni hili la dhima. Ndani ya mrengo wa kushoto wenyewe halina jibu moja. Joe Biden, ambaye si wa mrengo huo, alisema mapema mwaka 2020 kwamba kifungu kifutwe mara moja, na wapo wengi walio kushoto kwake wanaoona kwamba kampuni inayochuma faida kwa kuchagua nani aone nini haiwezi kujiita ubao wa matangazo tu. Agosti 2024 mahakama ya rufaa ya shirikisho huko Philadelphia iliwapa nguvu, ilipoamua kwamba video ambayo algoriti ya TikTok ilimpendekezea mtoto wa miaka kumi ni kauli ya TikTok yenyewe, hivyo haikingwi.

Upande wa pili una ushahidi ambao mimi naona una uzito zaidi. Machi 2018 Seneti iliidhinisha kinga ipunguzwe kwa ajili ya kupambana na biashara ya ngono ya kulazimishwa, kwa kura 97 dhidi ya 2, Wyden akiwa mmoja wa wale wawili. Tovuti ya Craigslist ilifunga mara moja sehemu yake yote ya matangazo ya kutafuta wachumba, ilhali ofisi ya ukaguzi ya Bunge iliripoti mwaka 2021 kwamba kifungu kipya cha jinai kilikuwa kimetumika katika kesi moja tu. Warren, aliyeunga mkono sheria hiyo, alijiunga na Wyden na wabunge Ro Khanna na Barbara Lee mwishoni mwa 2019 kutaka madhara yake yachunguzwe. Tena, kuondoa kinga si sawa na kumpa mlalamikaji ushindi: mwaka 2023 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba Twitter haikuwa na dhima kwa shambulio la kigaidi la Istanbul, na hawakuhitaji hata kukigusa Kifungu cha 230.

Kwa wanaopinga vita hofu hii si ya nadharia. Kampuni inayoogopa kushtakiwa haitaketi kuchambua kipi ni ushahidi wa mauaji na kipi ni uchochezi, itafuta vyote. Desemba 2023, hata kinga ikiwepo, shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi machapisho zaidi ya elfu moja, karibu yote ya amani na ya kuwaunga mkono Wapalestina, yalivyoondolewa au kufifishwa katika Instagram na Facebook.

Miezi minne baadaye furushi lilirudi. Amri ya kuilazimisha TikTok iuzwe au ifungiwe iliwekwa ndani ya msaada wa takriban dola bilioni 95 kwa Ukraine, Israeli na Taiwan. Baraza la Wawakilishi angalau lilipiga kura nne tofauti, kiasi kwamba mbunge aliweza kukubali silaha za Ukraine, akakataa za Israeli, na akasema lake kuhusu TikTok. Kisha vipande vikashonwa pamoja na kupelekwa Seneti, ambako tarehe 23 Aprili 2024 vilipita kwa kura 79 dhidi ya 18. Sanders, Jeff Merkley na Peter Welch walipinga kwa sababu ya Gaza, na pendekezo la Sanders la kuondoa silaha za mashambulizi halikupewa hata nafasi ya kupigiwa kura. Msimamo wao kuhusu jukwaa linalotumiwa na mamilioni ya vijana wao haukusomeka popote katika kura hiyo.

Siku hiyohiyo huko Pennsylvania, mbunge Summer Lee, mkosoaji wa vita vya Gaza, alishinda kura zake za mchujo. Mbunge mwenzake Jamaal Bowman hakuwa na bahati hiyo mwezi Juni, baada ya kamati inayofungamana na AIPAC, kundi la ushawishi linaloitetea Israeli, kutumia zaidi ya dola milioni 14 dhidi yake. Mwaka uliofuata Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alichaguliwa kuwa meya wa New York kwa kampeni ya kugonga milango na video fupi za TikTok na Instagram. Mrengo usio na matajiri wa kuulipia matangazo ya televisheni unaishi ndani ya majukwaa haya haya unayotaka kuyabana, na kwa maoni yangu utata huo ndio unaoufanya uridhike swali likibaki limefichwa ndani ya kura za vita.

Kwingineko limeulizwa bila kufichwa. Desemba 2022 ilifunguliwa kesi katika Mahakama Kuu jijini Nairobi, ikidai kwamba algoriti ya Facebook ilisambaza chuki wakati wa vita vya kaskazini mwa Ethiopia, yakiwemo machapisho yaliyotangulia kuuawa kwa profesa mmoja nje ya nyumba yake. Meta, kampuni inayomiliki Facebook, ilisema mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Aprili 2025 mahakama ikaamua kwamba inayo. Kifungu cha 230 si sheria ya Kenya, na hakuna aliyeifunga kesi hiyo pamoja na mishahara ya askari.