Kiti cha Mkoa wa Kati, 1957

Makala yenu kuhusu uchaguzi wa Machi 1957, ambapo Waafrika wa Kenya walijichagulia wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, imewaeleza vizuri washindi Tom Mboya na Oginga Odinga, kisha ikauruka Mkoa wa Kati. Mkoa mzima ulikuwa kiti kimoja tu kati ya vinane vya Waafrika! Hali ya Hatari, iliyotangazwa na Waingereza kwa sababu ya vita vya Mau Mau, ilikuwa haijaondolewa, hivyo Wakikuyu, Waembu na Wameru hawakupiga kura bila cheti cha uaminifu kwa serikali. Tena mwenye elimu au mali aliweza kupewa hadi kura tatu. Wakikuyu wengi mno waliachwa nje, sauti ya Meru ikapata uzito, na Bernard Mate, Mmeru, akamshinda Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia baraza hilo, mwaka 1944. Simlaumu Mate, yeye na wenzake saba walikataa katiba ya Lyttelton, iliyowekwa na Waziri wa Makoloni wa Uingereza, na vyeo vyake vya uwaziri. Mwaka 1958 viti vya Waafrika vilifika 14, wakaingia Julius Kiano na Jeremiah Nyagah. Ila wale wa Kiambu, Nyeri na Murang'a walionyimwa cheti walistahili hata aya moja, ndugu mwandishi.