Skupu Kubwa ya Boneti: Hewa Inafika Wapi?

Wenye Subaru za turbo (kifaa kinachokandamiza hewa kabla haijaingia kwenye injini) jijini Nairobi wamegawanyika. Kuna wanaosema ukiondoa skupu ya kawaida ya boneti, yaani ule mdomo ulioinuka wa kuingizia hewa, ukaweka ile ndefu ya STI, toleo la Subaru lenye nguvu zaidi, au ukapanua mdomo wake, injini inapumua na gari linaamka. Kuna wanaosema hayo ni mapambo ya kutishia matatu Thika Road. Mimi naegemea upande wa pili, ingawa wa kwanza wana hoja moja nzito ambayo wenyewe huisahau kuitaja.

Tuanze na kazi ya skupu yenyewe. Kwenye Impreza WRX na Forester XT za zamani, skupu hailishi injini hewa. Hewa ya kuchomea mafuta huingia kwa njia nyingine huko mbele, ikapita kwenye filta, ikafika kwenye turbo. Skupu inapulizia intakula, ile rejeta ya alumini iliyolala juu ya injini, inayopoza hewa baada ya turbo kuikandamiza na kuipasha moto. Hata Impreza za Safari Rally, lililompa ushindi Colin McRae mwaka 1997 na lile la Richard Burns mwaka 2000, zilivutia hewa ya injini kwa bomba lililopanda kando ya kioo cha mbele, zisimeze maji mitoni. Skupu na pumzi ya injini ni vitu viwili.

Kwa hiyo dai kwamba upepo "unasukumwa" ndani ya injini halisimami. Na hata ungeunganisha skupu na filta moja kwa moja, hesabu inakataa. Kwenye Expressway, ambako mwisho ni kilomita 80 kwa saa, nguvu ya upepo unaogonga mdomo wa skupu ni kama asilimia 0.3 tu ya shinikizo la hewa ya Nairobi. Ukifika 200, jambo nisilolipendekeza popote nje ya uwanja wa mashindano, hufiki asilimia 2. Baridi ndiyo yenye faida: hewa ikipoa nyuzi 10, uzito wake kwa ujazo uleule huongezeka kwa takriban asilimia 3.

Hapo ndipo watu wa skupu kubwa wangenibana, kama wangeijua hoja yao. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa yetu ni karibu asilimia 82 ya lile la Mombasa. Turbo inayokandamiza hewa mara mbili kule Likoni, huku lazima ikandamize karibu mara 2.4 ili injini ipate kiasi kilekile. Kadiri inavyokandamiza zaidi ndivyo hewa inavyotoka na moto zaidi. Na hewa nyepesi inayopita juu ya intakula nayo inabeba joto kidogo. Yaani gari lilelile, kwa kazi ileile, linahitaji kupozwa zaidi huku juu. Ongeza jam ya Mombasa Road jioni: gari limesimama, intakula inaokwa na joto la injini chini yake, na tundu la boneti linageuka bomba la moshi la kutolea joto. Tundu kubwa hapo linasaidia, sibishi.

Lakini kabla ya kumpa fundi boneti akate, ifungue uangalie upande wa chini. Kuna mkondo wa plastiki unaopokea hewa ya skupu, na pembezoni mwake kuna sponji inayopaswa kubana juu ya intakula boneti ikifungwa. Kwenye magari mengi ya mtumba sponji hiyo imekauka, imemeguka, au haipo kabisa. Paka chaki kwenye ukingo wake, funga boneti, fungua tena. Pasipoachwa alama kwenye intakula, hewa inapenya hapo na kwenda kuzurura nyuma ya injini. Mdomo mkubwa juu ya sponji mbovu unaongeza tu hewa ya kupotea. Sponji mpya ni pesa kidogo sana ukilinganisha na boneti, rangi na fundi wa bodi.

Wenye gari lisilo na turbo wanaobandika skupu ya faibaglasi na kutoboa bati, sioni wanachotafuta zaidi ya sura. Bati likikatwa pamoja na mbavu zake za chini, boneti inalegea na kutetemeka kwenye mwendo, na mvua ya Aprili inamwagikia koili na nyaya. Aliyehamishia intakula mbele ya rejeta naye hana tena cha kupuliza pale juu.

Ushahidi unaoletwa mara nyingi ni picha ya simu iliyounganishwa na kompyuta ya gari, ikionyesha joto la hewa limeshuka baada ya skupu mpya. Kwenye WRX nyingi za injini ya EJ, kipimo hicho kiko karibu na filta, kabla ya turbo, kwa hiyo hakijui lolote kuhusu intakula. Anayetaka kunishawishi aweke kipimajoto kwenye bomba linalotoka kwenye intakula, apande mlima wa Limuru na skupu ya zamani, kisha siku nyingine ya hali ya hewa kama hiyo apande na mpya, sponji ikiwa nzima mara zote mbili.